Mkono ndo unaitaka: hii tiba ya uteja kwa sumaku ya kichwani ikoje hasa?

Mtaani ukianza kuongelea mateja lazima atokee mtu aseme sikio la kufa halisikii dawa, na akishasema hivo maongezi yameisha, mtu keshahukumiwa, tugeukie mpira. Na mimi nlikuwa nasema hivohivo. Mpaka siku nlipomkuta mjomba wangu, mzee wa watu, unga hajawahi kuugusa wala bangi, yuko uani saa tano usiku na tochi ya simu anafukua ndoo ya taka kutafuta kipisi cha sigara alichokitupa mwenyewe mchana. Alikuwa na siku tisa hajavuta. Homa hana, hatetemeki, wali kala vizuri tu. Akaniangalia kwa aibu akasema, mjomba, wallahi mimi siitaki, mkono ndo unaitaka.

Nimeanza na huyu mzee kwa sababu hiyo kauli yake ndo ishu yote ya hii makala. Kuna vitu viwili ambavyo sisi huwa tunavichanganya kwenye kapu moja tukaviita uteja. Cha kwanza ni arosto, ule mwili kuuma, kutapika, kuharisha, makamasi, baridi kwenye jua kali, kila aliyekaa karibu na mtumiaji wa heroini anaijua. Arosto ina mwisho, inakutesa siku kadhaa inapita. Cha pili ni hamu, na hii ndo haina adabu, inaweza kukaa kimya miezi sita halafu ukapita tu pale kijiweni, ukaona kakaratasi ka kung'aa chini, au ukanusa moshi wa mtu, basi mwili mzima umesimama. Watu wengi wanaorudi kwenye dawa baada ya kukaa sober house hawarudishwi na arosto, arosto iliisha zamani. Wanarudishwa na hamu.

Kwa arosto ya heroini tiba ipo na inajulikana. Methadoni Tanzania ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, Kenya wakafuata miaka michache baadaye, unaenda kila siku unapewa kikombe unakunywa mbele ya mhudumu, ile dawa inakaa kwenye ubongo palepale heroini inapopendaga kukaa, arosto inatulia na hamu yenyewe inapungua, mtu anaweza kwenda kazini. Ila sasa njoo kwenye kokeini au methi (methamfetamini), ile ya kristali. Huko hakuna methadoni yake. Hakuna hata dawa moja iliyopitishwa na FDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, kwa ajili ya kutibu uteja wa kokeini au wa methi, pamoja na hela zote walizomwaga miaka yote hii. Ndo maana wataalamu wakaanza kujiuliza, kama kidonge hakifiki, vipi tukigusa hiyo sehemu ya ubongo yenyewe moja kwa moja?

Sehemu ipi sasa? Hapo kuna kisa nakipenda sana. Kule Iowa Marekani kulikuwa na jamaa ambaye kwenye karatasi za utafiti anaitwa N tu. Alianza kuvuta akiwa na miaka 14, akafika sigara kama 40 kwa siku, na alikuwa hana mpango wowote wa kuacha. Akiwa na miaka 28 akapata kiharusi. Alipozinduka hakuvuta tena, na siyo kwamba alijikaza, anasema mwili wake ulisahau ile hamu ya kuvuta. Ulisahau! Wataalamu, akina Nasir Naqvi na Antoine Bechara, wakachukua wavutaji 69 walioumia ubongo sehemu mbalimbali, wakalinganisha, na mwaka 2007 wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba wale walioumia sehemu inayoitwa insula walikuwa na nafasi kubwa zaidi kuliko wengine ya kuacha sigara namna hiyo ya N, ghafla, bila jasho na bila kurudiwa na hamu. Insula ni kama kisiwa kilichofichwa kwa ndani usawa wa juu ya sikio, kazi yake mojawapo ni kukuletea taarifa za mwili wako mwenyewe, njaa, kiu, moyo kwenda mbio, kichefuchefu. Kwa hiyo mjomba anaposema mkono unaitaka hajatunga mashairi, kuna sehemu ya ubongo inampa taarifa kwamba mwili umepungukiwa na kitu, na anaisikia vilevile wewe unavyosikia kiu ya maji mwezi wa Ramadhani saa tisa mchana.

Mwaka 2022 timu ya mtafiti mwingine, Juho Joutsa, ikarudia hilo zoezi kwa upana zaidi, wavutaji 129 walioumia ubongo, wakaona kwamba siyo insula peke yake. Sehemu mbalimbali zilizomfanya mtu aache zimeunganishwa kwenye mtandao mmoja, na mtandao huo unapita mpaka kwenye maeneo ya mbele ya ubongo, yale yanayohusika na kujizuia na kuamua. Hii ni habari njema kwa mtu wa mashine, manake insula iko ndani huko kuifikia kazi, lakini maeneo ya mbele yako nyuma ya paji la uso hapa, ukiugusa mtandao upande mmoja unaweza kuutikisa na upande wa pili.

Usije ukadhani wazo la kugusa ubongo lilianza na watu wapole. China miaka ya mwanzo ya 2000 walikuwa wanawafungua mateja wa heroini vichwa na kuunguza vipande vya ubongo kabisa, mpaka mwaka 2004 wizara yao ya afya ikasimamisha. Kwa hiyo ukisikia leo msisitizo mkubwa kwamba hii tiba mpya haifungui kichwa, haichani, haina ganzi, ujue kuna historia nyuma yake.

Mashine yenyewe kifupi chake ni TMS, yaani kuuchochea ubongo kwa sumaku kupitia fuvu. Ilianzia Sheffield Uingereza mwaka 1985 kwa mtu anaitwa Anthony Barker, na akili iliyomo ni ileile ya Faraday ya 1831 tuliyokariri kwenye fizikia, sumaku inayobadilikabadilika inazalisha umeme kwenye kitu kinachopitisha umeme kilichoko jirani. Na ubongo unapitisha umeme. Basi wanachukua koili, waya uliozungushwa ukafunikwa plastiki, wanaupiga umeme mkubwa sana kwa muda mfupi kuliko hata kupepesa jicho, sumaku inaruka, inapita ngozi na fuvu kama hakuna kitu, ikifika kwenye seli za ubongo zinashtuka zinafanya kazi. Nguvu ya hiyo sumaku inakaribia ya mashine ya MRI, tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.5 mpaka 2 hivi, tofauti ni kwamba inawaka na kuzima papo hapo. Koili ya kawaida yenye umbo la namba 8 inafika sentimita 2 au 3 tu kwenda ndani. Ili ufike karibu na insula unahitaji koili nyingine, ya ndani zaidi, inavaliwa kama helmeti ya bodaboda.

Kinachonifurahisha ni jinsi wanavyopima dozi. Hawaangalii kilo zako wala umri. Wanakukalisha kwenye kiti, mkono umeulaza juu ya paja, wanakuwekea koili juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, wanapiga mpigo mmoja, tak. Hakuna kitu. Wanaongeza kidogo, tak. Wanasogeza, tak. Halafu ghafla kidole gumba kinaruka chenyewe, wewe hujakiambia kiruke, kimeruka tu hapo juu ya paja unakiangalia. Hicho ndo kipimo chako. Dozi yote ya matibabu inahesabiwa kutoka kwenye nguvu iliyorusha kidole gumba, mfano asilimia 120 ya hiyo nguvu, halafu koili inahamishiwa sehemu ya hamu na maamuzi.

Na hapana, huku siyo kupigwa shoti. Najua watu wakisikia umeme na ubongo wanakumbuka ile tiba nyingine ya hospitali za akili ambayo mgonjwa analazwa kwa ganzi halafu anapitishiwa umeme ili apate degedege makusudi. Ile ni tofauti kabisa (na yenyewe ina faida zake kwa wagonjwa fulani, ila siyo mada yetu leo). Kwenye TMS uko macho, unaongea, unaziba masikio kwa sababu ile tak tak ina kelele kweli, ngozi ya kichwa inagongwagongwa kama kuna kuku anadonoa, ukimaliza unaenda zako kazini. Kinacholalamikiwa zaidi ni kichwa kuuma. Degedege inaweza kutokea lakini ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kwa 1,000, ila kwa mateja hapo pana mtego, manake mlevi wa pombe aliyeacha juzi au mtu aliyepiga kokeini asubuhi, ubongo wake tayari uko karibu na degedege. Mwenye chuma kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au historia ya kifafa, anaambiwa mapema hii siyo yako.

Sasa ushahidi uko wapi? Hapa ndo watu wanapotofautiana na hapa ndo matangazo yanapokudanganya, twende taratibu.

Uteja pekee ambao FDA imeshakubali utibiwe kwa hii mashine ni sigara, ruhusa ilitoka Agosti 2020, kwa kutumia ile helmeti ya koili ya ndani. Ruhusa hiyo ilitokana na jaribio la watu 262, wavutaji wa miaka na miaka, kila mmoja alikuwa ameshajaribu kuacha akashindwa angalau mara moja, na asilimia 68 walikuwa wameshindwa mara tatu au zaidi. Akina mjomba watupu. Walikuja kila siku ya kazi kwa wiki tatu, halafu mara moja kwa wiki kwa wiki tatu nyingine, jumla mara 18. Na kabla ya kuwasha mashine wanafanya kitu ambacho mwanzoni nliona kama unyanyasaji, wanakuchokoza hamu makusudi. Wanakuambia fikiria pale unapoitakaga sigara kuliko pote, wanakusikilizisha sauti inayokuelekeza kuishika sigara na kiberiti, wanakuonyesha picha za watu wanavuta. Hamu ikishapanda, ndo wanapiga, mipigo 1,800, kwa muda usiofika hata dakika 20. Hoja yao ni kwamba ule mtandao wa hamu ukiwa umeamka ndo unabadilishika, ukiwa umelala unagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Nilipomsimulia mjomba alicheka akasema hiyo sehemu ya kwanza mimi nshaimaliza, waniletee hilo helmeti tu.

Na kulikuwa na helmeti feki. Hii sehemu isome vizuri kwa sababu bila hii huwezi kuelewa kwa nini wataalamu wanabishana. Nusu ya watu walivalishwa helmeti ileile, inapiga kelele ileile, ngozi inadonolewa vilevile, lakini sumaku haifiki kwenye ubongo. Wala anayekuhudumia hajui yako ni ipi. Kwa nini wajisumbue hivo? Fikiria mwenyewe, mtu unamfungia safari kila siku, unakutana na watu wa makoti meupe, kuna bonge la mashine, unaulizwa kwa upole jana ulivuta ngapi, tayari hapo kuna tiba, hata kama mashine ingekuwa ndoo. Sasa unataka kujua sumaku yenyewe imeongeza nini juu ya hiyo ndoo.

Matokeo: waliokaa wiki nne mfululizo bila kuvuta mpaka wiki ya 18 walikuwa asilimia 19.4 kwa helmeti ya kweli na 8.7 kwa ile feki. Ukiwachukua wale tu waliofuata ratiba vizuri ni 28.0 kwa 11.7. Kwa hiyo ndiyo, inafanya kazi, ni zaidi ya mara mbili ya feki na siyo bahati nasibu. Lakini geuza hesabu upande wa pili, katika kila watu 100 waliokaa chini ya sumaku ya kweli, 80 hivi hawakufikisha hizo wiki nne bila kuvuta. Tangazo litakuambia inaongeza nafasi mara mbili, na halijasema uongo, ila halijakuambia hao 80. Mimi kwa maoni yangu 20 kwa 100 kwa watu ambao wengi wao wameshindwa mara tatu siyo jambo la kubeza, ila mtu akikuuzia kama muujiza ujue anataka hela yako.

Kwenye kokeini stori ni ndefu zaidi na inaumiza kidogo. Ilianza na panya. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, Antonello Bonci akiwa mmoja wao, walikuwa na panya waliozoea kokeini kiasi kwamba hata wakipigwa shoti miguuni wanaenda tu kuifuata, wakakuta hao panya sehemu ya mbele ya ubongo imezubaa. Wakaiamsha kwa mwanga wa leza, panya wakaacha. Wakiizima kwa wale panya wengine waliokuwa na akili zao, nao wakawa mateja wa kufa. Sasa kule Padova Italia kuna daktari, Luigi Gallimberti, ametibu mateja miaka mingi hana silaha mkononi, akasoma habari za hawa panya, akamtafuta Bonci, wakajaribu TMS kwa binadamu. Mwaka 2016 wakatoa matokeo, wagonjwa 32, nusu mashine, nusu dawa za kutuliza wasiwasi na usingizi, mkojo unapimwa. Waliopigwa sumaku, 11 kati ya 16 mkojo ukabaki safi. Kundi la pili watatu. Dunia ikalipuka, magazeti, televisheni, na watu wenye hela zao wakaanza kupanda ndege kwenda Padova.

Tatizo hakukuwa na mashine feki. Kila mmoja alijua amepata nini, aliyepata mashine alijua amepata mashine, na aliyepewa vidonge vya usingizi alijua kanyimwa. Baadaye Waitaliano wengine wakarudia wakiwa na koili feki, mgonjwa hajui, matokeo yaliyochapishwa 2021 hayakuona tofauti kati ya kweli na feki, makundi yote mawili yalipunguza kutumia. Yale yote ya 2016 ilikuwa ndoo? Sidhani ni rahisi hivo, kuna jaribio la Mexico lililotumia feki likaona hamu imepungua kwa wiki mbili za mwanzo, na kila timu inapiga kwa mpangilio wake, wengine kushoto wengine kulia, wengine wanaamsha sehemu ya kujizuia wengine wanajaribu kulaza sehemu ya hamu, siku nane huku, siku ishirini kule. Ni kama mtu anayesema mitishamba haifanyi kazi au inafanya kazi. Mti upi, kwa ugonjwa upi?

Kwenye methi majaribio mengi yametoka China, mengi yanaonyesha hamu imeshuka, lakini watu waliopimwa wengi walikuwa wamefungiwa kwenye vituo vya lazima vya kuachisha dawa. Mtu aliyefungiwa ukimuuliza hamu yako leo ni ngapi kati ya 100, atakujibu nini? Na ataitumia wapi hata akiitaka? Hilo swali huwa haliniishi.

Kuna na ndugu maskini wa TMS, anaitwa tDCS, huyu ni betri tu, sponji mbili zilizolowekwa maji ya chumvi zinabanwa kichwani, miliampia 1 hadi 2 kwa dakika 20. Huo umeme haushtui seli, unazisogeza kidogo ziwe nyepesi kuamka. Ni bei rahisi, inabebeka, kwa nchi zetu ingependeza sana, Wabrazili wameijaribu sana kwa walevi wa pombe na mateja wa krak (kokeini ya kuvuta) na kuna dalili nzuri nzuri. Ila kwa sababu ni rahisi ndo maana vijana wanajitengenezea wenyewe kwa betri ya volti 9 baada ya kuangalia video, na wengine wameungua ngozi ya paji la uso. Usifanye.

Na sasa hivi kinachozungumziwa ni mawimbi ya sauti, ultrasaundi kama ya mama mjamzito lakini yamekusanywa kwenye nukta moja, yanaweza kufika ndani kabisa ambako koili haifiki. Chuo kikuu cha West Virginia, jimbo lililoumizwa sana na heroini na vidonge vya maumivu, daktari Ali Rezai na timu yake wamejaribu kwa mateja 8 wakaona hamu imeanguka sana. Watu 8, bila feki. Baada ya kusoma habari za Padova unajua nitasema nini.

Kwa hiyo kwa heroini, ambayo ndo janga letu pwani hii kutoka Tanga, Dar, Unguja mpaka Malindi, hii mashine bado haijaidhinishwa popote ninapopajua mimi, na ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa sigara. Kuna mama mmoja aliniuliza auze kiwanja ampeleke mwanawe nje akapigwe hiyo sumaku. Mwanawe yuko kwenye methadoni, mwaka wa pili huu, anaamka alfajiri anawahi foleni, anafanya kazi ya kuchomelea mageti. Nikamuuliza, mama, hamu inamsumbua? Akasema ikimjia jioni anaenda kukaa kwa shangazi yake mpaka ipite. Nikamwambia kiwanja usiuze, na huko kwenye kikombe cha asubuhi asitoke, manake mtu aliyepumzika heroini miezi akirudi na dozi yake ya zamani mwili haukumbuki tena kuibeba, anaweza kufa siku hiyohiyo.